Uzi wa wanaolima uani Nairobi: kima, fuko, bundi na mboga zetu

MkulimaBondeni

Hamjambo wanajukwaa.

Nimeona tufungue uzi wetu, sisi tunaolima uani hapa Nairobi, kuanzia aliye na nusu ekari Karen hadi aliyepanga magunia kwenye roshani ya ploti Kawangware. Mada za kilimo humu ni nyingi, ila takriban zote ni za wenye mashamba Kinangop au Loitoktok. Sisi wa mjini mambo yetu ni mengine. Shamba liko hatua chache kutoka mlango wa jikoni, maji ni ya mgao, na pembeni tuna misitu, mito na mbuga yenye simba. Chochote kinachoishi huko hufika kwetu kula.

Niko Lower Kabete, upande wa bondeni, udongo mwekundu. Nina sukuma wiki, spinachi, managu, terere, mahindi kidogo, nduma kwenye mkondo wa maji ya mvua, pasheni iliyotambaa kwenye ua, na mparachichi mkubwa uliopandwa na waliotutangulia. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zikija vizuri, nyumba nzima inakula kutoka uani. Julai na Agosti ndiyo miezi migumu: jua halitoki, blaiti inamaliza nyanya na viazi, sukuma inadumaa. Hayo yanakuja kwa msimu, mtu huyapangia.

Walaji ndio wanaonitoa jasho. Kima wanaongoza. Nasema kima, wale wakubwa wa kijivu wenye weupe kooni, si tumbili wadogo wenye uso mweusi. Hufuata miti ya mtoni, kundi zima, dume mmoja na majike na watoto wao, na hufika mahindi yakiwa na maziwa. Kima hamalizi hindi. Hung'ata mara mbili, hulitupa, huvunja jingine. Parachichi hulichuma likiwa changa, hulionja na kuliangusha. Mkiwa hamko nyumbani asubuhi moja tu, mstari mzima wa mahindi umelala chini.

Chini ya ardhi kuna fuko. Huyu humwoni. Unaona kichuguu kipya cha udongo asubuhi, kesho yake mgomba mchanga umenyauka, ukiuvuta unakuja wote mkononi bila mzizi. Juu kuna kuzumburu, ndege wa rangi ya vumbi mwenye kishungi na mkia mrefu mwembamba. Wanatua kundi kwenye miche ya sukuma na kubakisha mishipa ya majani. Konokono wana zamu ya usiku.

Sasa kilichonifanya niandike. Mtaani kwetu watu wameanza kutega sumu. Mmoja anachanganya dawa ya panya na unga na kuimwaga kwenye mashimo ya fuko, mwingine ameulizia agroveti kitu cha kupaka kwenye ndizi ili kima wale. Nataka msimamo wangu ujulikane mapema: sitatega sumu uani kwangu, na nitamsihi kila jirani asitege. Viumbe hawa wanaotusumbua wameshikana na wengine wanaotulimia bila malipo, na sumu haichagui. Kwenye dari la nyumba ya jirani kuna bundi wawili. Kuna nguchiro anayepita kwenye ua karibu kila alasiri. Kuna vinyonga kwenye pasheni. Sitaki kuamka nikute viumbe vyote hivyo vimekufa.

Lakini pia nataka kula mahindi yangu. Basi tuambiane, kila mtu na mtaa wake: nani anakusumbua, nani anakusaidia, na unafanyaje bila sumu?

Jirani_wa_Karura

Asante kwa kufungua hili. Mimi niko ukingoni mwa msitu wa Karura, kwa hiyo kima nawajua kwa tabia.

Jambo la kwanza ni kutowalisha, na hapa namaanisha pia taka. Pipa lisilo na kifuniko ni chakula cha bure kila siku. Angalieni City Park. Miaka mingi wageni wamekuwa wakiwapa kima njugu na ndizi mkononi, na sasa kima wa pale humpanda mtu begani na kumpokonya mfuko. Kima akishajifunza kwamba binadamu ndiye chakula, hamumwondoi tena kwa kelele.

La pili, panda karibu na msitu vile asivyovipenda. Vitunguu, pilipili kali, dhania, rosemary. Nduma mbichi inawasha mdomo, haigusi. Mboga za kienyeji kama managu na saga huwa anazipita akielekea kwenye tamu. Mahindi, ndizi na matunda yawe karibu kabisa na nyumba, mahali mtu anapita kila mara. Mbwa husaidia ikiwa yuko nje mchana. Sanamu za kitambaa za kutishia na sidii zinazoning'inia huwafukuza kwa muda mfupi, kisha wanazikalia.

Parachichi mimi huvuna yakiwa yamekomaa lakini bado magumu, nayaivishia ndani. Nikisubiri yalainike mtini, nimewapandia wao. Na matawi yanayogusa paa au ukuta nayakata, maana ndiyo daraja lao.

Tusisahau pia kwamba tumejenga walipokuwa. Karura ina takriban hekta 1,041 tu, na hata hizo zingekuwa nyumba kama si Wangari Maathai na wenzake kupigwa pale mwaka 1999 wakipinga ugawaji. Huyo anayetaka kupaka ndizi sumu ajue Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamhusu. Kuua kima ni kosa hata akiwa ndani ya ukuta wako. Kundi likizidi, ripoti kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Mahindi_Tu

Nimewasoma nyote na nina neno. Mnaongea vizuri kwa sababu wengi wenu mnalima kwa kupenda. Mimi nimestaafu, niko Mutuini huku Dagoretti, na robo ekari niliyo nayo ndiyo inayolisha wajukuu. Msimu uliopita fuko alimaliza viazi vitamu mstari baada ya mstari. Nilichimba nikakuta amejaza ghala lake chini, viazi vyangu vimepangwa. Nduma nazo, na migomba miwili. Kima sina shida nao. Fuko ndiye.

Nilitega sumu, ndiyo, na nitatega tena kama hakuna kingine. Nikiambiwa "usitumie", niambiwe na cha kutumia. Majani ya kunusa na chupa za kupiga mluzi ardhini nimejaribu yote.

MkulimaBondeni

Mzee, shikamoo. Nimefurahi umesema hivyo waziwazi, na sina haki ya kukuambia uache viazi viliwe. Swali lako ndilo lililo mbele yetu. Mimi kwa fuko nimeshinda kwa vitanda tu: nilichimba, nikalaza wavu wa chuma chini na pembeni, nikarudisha udongo na samadi, nikapanda karoti na viazi vitamu humo. Fuko anagonga wavu na kugeuka. Lakini hiyo ni ya eneo dogo, robo ekari nzima haiwezekani kwa gharama. Nadhani kuna watu humu wanaojua kutega mtego wa kienyeji. Tunawangoja.

ShoshoWaithaka

Nimeletwa hapa na mjukuu wangu, yeye ndiye anayeandika ninavyomwambia.

Mzee wa Mutuini, sisi ni majirani. Fuko hatumwui kwa sumu tangu zamani, na hakuna haja. Fuko anaishi peke yake kwenye mfumo wake wa mashimo. Ukiona vichuguu kumi, usidhani ni fuko kumi, mara nyingi ni mmoja. Ukimpata huyo umepumzika mpaka mwingine ahamie.

Siri yake ni kwamba hapendi mwanga wala upepo kwenye shimo lake. Ukilifungua atarudi kuliziba, siku hiyohiyo. Kwa hiyo tafuta kichuguu kibichi, chenye udongo wenye unyevu. Fukua taratibu hadi ulione shimo lenyewe, linalokwenda sawa na ardhi. Chomeka mti mbichi unaopindika vizuri kando yake, uukunje. Kwenye ncha funga waya wenye kitanzi, kitanzi kikae ndani ya shimo kikizigusa kuta, kisionekane. Huo mti unashikiliwa chini na uzi unaopita katikati ya shimo. Fuko akija na udongo wake kuziba, anaukuta uzi unamzuia, anaukata kwa yale meno yake marefu ya mbele. Mti unaruka, kitanzi kinambana. Usishike shimo kwa mkono wenye sabuni au tumbaku, atanusa.

Huku kwetu kuna vijana wanaofanya kazi hii na wanalipwa kwa kila fuko. Wanazunguka Waithaka, Mutuini hadi Kikuyu. Uliza sokoni, utaelekezwa. Utatumia pesa kidogo kuliko za dawa, na kuku wako watabaki hai.

Mahindi_Tu

Shosho, nimekusikia. Baba yangu alikuwa akitega hivyo Kiambu, sikuwahi kukaa naye nikajifunza. Nitatafuta kijana wa kunionyesha.

Keremkerem

Naingilia hapa kwenye sumu, maana ndege ndio ninaowafuata na nimeona inavyowamaliza.

Dawa nyingi za panya madukani hufanya kazi kwa kuzuia damu kuganda. Panya akila leo, hafi leo. Anazunguka siku kadhaa akilegea, anatoka mchana, hakimbii vizuri. Huyo ndiye wa kwanza kukamatwa na bundi, na nguchiro, na mwewe, na paka wako. Sumu iliyo ndani ya panya inahamia kwake. Bundi akila panya kadhaa wa namna hiyo naye anaanza kuvuja damu ndani. Mtu aliyetega sumu hatamwona akifa. Atagundua tu kwamba panya wamerudi kwa wingi kuliko mwanzo, kwa sababu panya huzaana kila mwezi na bundi mara chache kwa mwaka.

Na hizi dawa za kuua wadudu wa udongo zinazochanganywa na chakula kama chambo ni hatari zaidi. Wengi mnakumbuka karbofurani, iliyouzwa kwa jina la Furadan. Ilikusudiwa wadudu wa mimea. Ikaishia kupakwa kwenye mizoga kuua simba na fisi, na tai wakafa makundi kwa makundi walipokuja kula. Mwaka 2009 iliondolewa kwenye soko la Kenya na kampuni iliyoitengeneza. Tai hawajarudi walivyokuwa.

Najua bundi anaogopwa. Nimekulia katika nyumba ambayo bundi akilia usiku, asubuhi watu wanapiga simu kuulizia wagonjwa. Siwezi kumdharau anayeamini hivyo. Ninachoomba ni mtu aende mchana, atazame chini ya mahali anapolala bundi mweupe, yule mwenye uso wa umbo la moyo. Utakuta vibonge vya kijivu. Vipasue kwa kijiti: ni manyoya na mafuvu ya panya, kimoja baada ya kingine. Bundi humeza panya mzima kisha hutema asichoweza kusaga. Hiyo ndiyo kazi yake kila usiku juu ya dari lenu, na mahindi yenu yako ghalani.

Kuhusu kuzumburu, huyo hana dawa zaidi ya neti. Funika miche mpaka iwe na nguvu, halafu ondoa. Neti iwe imevutwa ikakaza, ikilegea ndege na nyoka hunaswa na kufa humo. Pandeni pia mti wa kuwavuta pembeni. Kwangu mforosadi unazaa muda mrefu, na kuzumburu, shore na hondohondo wanakula huko wakaacha pasheni.

Anayetaka kuwajua ndege wa uani kwake, Nature Kenya wana matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, wanakutania Makumbusho ya Taifa. Chama chao kipo tangu 1909, na hayo matembezi ya Jumatano yamekuwa yakiendelea tangu miaka ya sabini. Nenda hata kama humjui shore na kwarara. Utarudi ukimsikia kila ndege kwa jina.

GuniaTatu

Sisi tusio na uani je? Niko Kawangware, ghorofa ya tatu, magunia kwenye roshani na mengine juu ya paa kwa ruhusa ya mwenye ploti. Katikati ya gunia nimesimamisha mawe kutoka chini hadi juu, ndipo maji yanapopita, na pembeni nimetoboa matundu ya miche. Gunia moja linabeba sukuma nyingi ajabu. Kibera walianza mtindo huu kwa wingi baada ya vurugu za 2008, chakula kilipokosekana, na haukuachwa tena.

Kima hawafiki huku. Shida yangu ni vidukari. Kiangazi kikikolea, upande wa chini wa jani la sukuma unakuwa wa kijivu kwa wingi wao. Mimi nafanya hivi: sabuni ya maji kidogo kwenye chupa ya kupulizia, napuliza chini ya majani jioni jua likishuka, asubuhi nasuuza kwa maji safi. Sikosi siku tatu mfululizo. Majani yaliyozidiwa naondoa na kuwapa sungura wa jirani.

Baadaye nikaanza kuona kidudu kidogo cheusi chenye madoa ya rangi ya machungwa, mrefu, mwenye miguu sita, anatambaa katikati ya vidukari. Nilitaka kumpuliza naye, mama mmoja wa hapa ploti akanizuia. Akasema huyo ni mtoto wa kidudu kibibi, yule mwekundu mwenye madoa. Anakula vidukari kuliko hata mzazi wake. Sasa nikimwona kwenye gunia, gunia hilo silipulizi kabisa, na vidukari vinaisha vyenyewe ndani ya wiki moja au mbili.

Na kanjo, askari wa kaunti? Kuna aliyewahi kusumbuliwa? Nimesikia kaunti ina sheria ya kilimo cha mjini.

Jirani_wa_Karura

Ipo, ni ya mwaka 2015. Inakitambua kilimo cha mjini na kukisimamia, kwa hiyo kulima si kosa. Mifugo ndiyo yenye masharti zaidi, na majitaka usiyatumie kumwagilia mboga.

UdongoMweusi

Salamu kutoka Syokimau. Mnaolima udongo mwekundu mshukuruni Mungu. Huku ni udongo mweusi wa mfinyanzi: mvua ikinyesha unashika kiatu na kukivua, jua likiwaka unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Miche inakatwa mizizi na huo mpasuko. Nimeweza tu baada ya kuinua vitanda, kuchanganya samadi na mboji msimu baada ya msimu, na kutandaza nyasi kavu nene juu. Nyasi zinazuia kupasuka. Ila nyasi ndizo zinazoleta konokono uchi na, kwa mujibu wa mke wangu, nyoka.

Konokono uchi nimepata msaada nisioutegemea. Kuna kalunguyeye anayeingia usiku kupitia tundu la mfereji chini ya ukuta. Nilimsikia kwanza, anakoroma na kutafuna. Tangu aanze kuja, lettuce zangu zinaamka na majani yake. Nimeliacha tundu lile wazi, na jioni hatuwashi moto wa taka bila kugeuza lundo kwanza, kwa sababu hulala humo.

Nyoka ndiyo naomba ushauri. Juzi kijana anayenisaidia alimuua mmoja wa kahawia, mwembamba, karibu na banda. Je, alikuwa hatari?

Keremkerem

Kwa maelezo pekee siwezi kumtaja, na asitokee mtu akamshika nyoka kwa kusoma uzi. Naweza kusema hivi: nyoka wa nyumba wa kahawia ni wa kawaida sana Nairobi, hana sumu, na chakula chake ni panya. Yule wa kijani anayeonekana kandokando ya mito na madimbwi kwa kawaida naye hana madhara kwa binadamu, anafuata vyura, ila watu humuua wakidhani ni yule nyoka mamba wa kijani, ambaye makao yake hasa ni Pwani. Wa kuogopa kwenye nyanda zenu za Syokimau ni bafe. Ni mnene, mfupi, ana michoro inayofanana na majani makavu, na hakimbii ukimkaribia. Ndiyo maana watu humkanyaga.

Vaeni buti mnapopalilia, msitie mkono chini ya nyasi msipoona, na tumieni tochi usiku. Banda la nafaka likiwa safi panya hupungua, na nyoka hupungua nao. Akiuma mtu, msikate wala kufunga kamba, mkimbizeni hospitali. Anayetaka kuwajua kwa macho aende kwenye bustani ya nyoka pale Makumbusho.

MamaTerere

Naomba niseme kuhusu vinyonga, maana mwenye uzi amewataja na watu wakapita.

Nina watoto wawili, tunaishi Kabete. Kwenye ua wetu kuna kinyonga dume wa pembe tatu usoni. Mama mkwe alipomwona alitaka tuhame. Nikamwomba akae nami jioni moja kwenye benchi tumtazame. Alikula nzi watano mbele yetu, ulimi unatoka na kurudi kabla hujajua umetoka. Mama mkwe hamshiki hata leo, lakini amewakataza watoto wa jirani wasimpige mawe.

Huyu wa pembe tatu ni wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ni wetu. Jike hatagi mayai. Anazaa watoto hai, wengi kwa mkupuo, na kila mmoja anajitafutia chakula tangu siku ya kwanza. Mwaka 1972 wachache walipelekwa Hawaii kwa biashara ya wanyama wa kufuga, wakaachiliwa, na sasa wamezagaa huko hadi wanahesabiwa waharibifu. Hapa kwao tunawaua kwa hofu na kwa dawa. Dawa ikiua nzi na viwavi, kinyonga anakufa njaa au anakula walionyunyiziwa.

Watoto wangu wana kazi moja kabla ua haujakatwa: kumtafuta na kumhamishia kwenye tawi lingine kwa kijiti, bila kumshika.

Nyongeza ndogo kuhusu Nairobi fly, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 aliunguza watu ngozi mji mzima. Haumi wala hachomi. Ukimponda mwilini ndipo maji yake yanaunguza. Mpulize kwa mdomo aondoke, na kama umemponda osha kwa sabuni mara moja, usijiguse macho. Zimeni taa za nje usiku wakati wa mvua. Shambani yeye ni rafiki, anakula vidukari na mayai ya wadudu.

FundiNyuki

Na pasheni za mwenye uzi zinachavushwa na nani? Ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Ua la pasheni ni kubwa, nyuki mdogo anaiba asali bila kugusa chavua. Nyuki mkubwa anaingia na mgongo wake unasugua kila mahali. Watu wanampulizia dawa kwa sababu anatoboa boriti za paa. Mwachieni gogo kavu la mti laini likining'inia chini ya mkingo wa paa, na boriti zipakeni rangi, atachagua gogo.

Anayepuliza chochote, hata mwarobaini, apulize jioni nyuki wakisharudi, na kamwe kwenye mmea ulio na maua.

GuniaTatu

Swali moja kabla sijalala. Rafiki yangu Kangemi ana sungura. Siafu waliingia bandani usiku, asubuhi kulikuwa na mifupa. Anataka kuchoma kiota kwa petroli.

ShoshoWaithaka

Mwambie asichome, ataunguza nyumba. Siafu hawakai, wanapita. Leo wako kwako, baada ya siku chache wameondoka, na wakipita wanamaliza konokono, viwavi, panya na hata vitoto vya fuko. Yeye alinde sungura tu. Banda liwe na miguu, kila mguu usimame kwenye mkebe wenye maji na oili chafu juu. Tawi lisiguse banda, wala kamba ya nguo. Jioni akiona mstari wa siafu, amwage jivu la moto kukatiza njia yao, wataelekea kwingine.

Mahindi_Tu

Narudi kuwapa habari. Nilimpata kijana mmoja kutoka karibu na soko. Alikuja Jumamosi, akapita shamba lote akikanyaga vichuguu vyote vilale, akasema atarudi kesho yake kuona vipi vimeinuka upya. Vilivyoinuka vilikuwa vya sehemu mbili tu. Shosho alisema kweli, ni fuko wawili walionifanyia yote hayo. Mmoja amenaswa. Wa pili ameukwepa mtego mara mbili, anauzika kwa udongo bila kuukata uzi, kijana anasema huyo ni mzoefu na atasogeza mtego mbele kidogo.

Sumu iliyobaki nimeifunga kwenye mkebe, nimeiweka juu mahali wajukuu hawafiki. Nitairudisha agroveti wakikubali. Viazi vitamu vya kula nyumbani nataka kuvihamishia kwenye vitanda vyenye wavu kama vya mwenye uzi, mahindi na maharagwe yabaki shambani. Swali langu kwa MkulimaBondeni: wavu upi? Nilionyeshwa ule wa kuku, ni rahisi kwa bei.

MkulimaBondeni

Mzee, hongera kwa huyo mmoja.

Wavu wa kuku usiununue kwa kazi hii. Matundu yake ni mapana, fuko mdogo anapita, na waya wake ni mwembamba, unaoza haraka kwenye udongo wenye samadi. Ulizia wavu uliochomelewa wa matundu ya nusu inchi, uliopakwa zinki. Chimba kina cha magoti, maana viazi vitamu vinashuka. Laza wavu chini, upandishe pembeni mpaka utokeze juu ya ardhi kiasi cha upana wa kiganja, kwa sababu fuko hutembea juu pia usiku wa mvua. Vipande vinapokutana vipishane na uvifunge kwa waya, usiache mwanya kwenye kona. Anza na kitanda kimoja kabla ya mvua za Machi, uone kama gharama inakufaa. Nina kipande kilichobaki kwangu, kinatosha kitanda cha mita mbili hivi. Ukiwa tayari, nitumie ujumbe wa faragha nikuletee.